Chana la Kwanza Litakuja Kwako

Mama,

Wamebandika orodha. Iko kwenye ubao wa matangazo pale idarani kwako, karibu na mlango uliokuwa ukinikataza kuuegemea. Ina majina ya watafiti wote wa chuo, na mbele ya kila jina kuna idadi ya mara ambazo maandishi yake yamenukuliwa na watafiti wengine. Wewe umenukuliwa mara saba. Uko mwisho. Nilisimama pale na sare yangu ya shule nikasoma tena, nikidhani nimeruka mstari.

Nilikuwa nimefuata habari ya shamba lako la majaribio la Nshamba. Mkuu wa idara alimwandikia Baba kwamba kazi isiyonukuliwa haiwezi kuendelea kutunzwa, na kwamba migomba yako itang'olewa kabla ya mvua za vuli. Baba aliikunja barua akaiweka chini ya redio. Mimi nikapanda bodaboda kutoka nyumbani Hamugembe hadi chuoni.

Nilimweleza Mkuu kama ulivyonifundisha: salamu kwanza, kisha hoja. Nilimwambia kwamba Nshamba sasa wanavunja ua dume la mgomba kwa mti wenye uma, hawalikati kwa panga linalosambaza ugonjwa wa mnyauko, na siku ya kulivunja wameijua kwa kazi yako. Alinisikiliza, sisemi uongo. Kisha akasema, "Binti yangu, mkulima akitenda, mfumo hauhesabu. Unahesabu aliyeandika." Akaongeza polepole, "Na mama yako alijiponza mwenyewe. Kwenye andiko lake kubwa alijiweka mwandishi wa tano."

Naikumbuka siku ile. Ulikuwa jikoni unamenya ndizi, mwenzako wa ofisini anakucheka: "Waitu! Ma Paulina, mkulima wa Nshamba, awe mwandishi wa kwanza, na hata kusoma hajui?" Hukuacha kumenya. Ulisema, "Yeye na wenzake ndio walioona siku ya kuvunja ua. Mimi nilishika kalamu." Nilikuwa mdogo. Nilikuonea aibu kidogo, Mama. Nisamehe.

Sasa sioni aibu. Nilitoka ofisini kwake macho makavu. Nililia kwenye basi la Muleba, nikielekea Nshamba, hilo nakiri.

Ma Paulina nilimkuta kibanjani kwake, katikati ya migomba yake, akanipa kahawa ya kutafuna kabla hajaniuliza chochote. Nilipomweleza, hakuelewa kunukuliwa ni kitu gani. Nikasema ni hivi: mtu akichukua wazo lako, anaandika wazi kwamba amelitoa kwako. Alicheka mpaka akakaa chini. "Hilo tu? Si ndilo chana lenyewe! Wasomi wamechelewa!"

Unakumbuka, kwao mtu akikupa chipukizi la mgomba, mkungu wako wa kwanza ukikomaa unakata chana moja unampelekea. Hata kama mmegombana. Hata kama amehama. Ulipenda sana desturi hiyo, ulisema ni uungwana unaoushinda mwingi wa chuoni.

Jumamosi iliyofuata walikuja shambani kwako wanawake wa Nshamba nzima, na majembe na vikapu. Hawakuomba ruhusa kwa mtu. Walichimba machipukizi yako yote, miche safi isiyo na ugonjwa, kila mmoja akaenda kupanda kwake. Mimi nilibeba mawili. Mikono iliniuma hadi Jumatatu, na mwalimu wa hisabati akaniuliza kwa nini mwandiko wangu umepinda. Watu wa idara walipofika kung'oa walikuta mashina makuukuu na mashimo. Mmoja akauliza, "Nani kafanya hivi?" Ma Paulina akamjibu, "Waandishi."

Mvua imeanza. Miche imeshika, hata miwili ya kwetu nyuma ya jiko. Baba huitembelea asubuhi kabla ya chai, akidhani simwoni. Barua ameitoa chini ya redio. Sijui ameipeleka wapi, na sijamuuliza.

Acha orodha ibaki ukutani. Mikungu ikianza kukomaa, machana yatakuja Hamugembe, na mimi nitakaa barazani niyapokee kwa niaba yako. Nitaandika jina la kila anayeleta kwenye daftari lako la kijani, lile lenye kurasa ulizoziacha tupu. Zikijaa nitampelekea Mkuu. Akisema mfumo hausomi, nitamsomea mimi.

Pumzika kwa amani, Mama. Nami nakuahidi: nitasoma hadi chuo hicho hicho, na siku nikiandika andiko langu la kwanza, jina la Ma Paulina litatangulia, kisha lako. Langu nitaliweka mwisho.

Mwanao,
Koku