Baba Amebadilisha Plagi Isiyo na Kosa

Mama mshauri mpendwa, nakushika miguu, nijibu kabla Jumamosi haijafika. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila mimi nimemtumbukiza baba yangu mzazi.

Baba ni fundi magari mstaafu, mgongo ndio uliomtoa gereji, na sasa masikio nayo yanamwacha ingawa ukimwambia anasema ni ninyi siku hizi mnanong'ona, basi mwezi uliopita gari langu likaanza kumisi, likisimama kwenye foleni linatetemeka kama lina homa, mlimani halina nguvu, taa ya injini inawaka na kuzimika, na baba aliposikia alifurahi kana kwamba kaletewa mjukuu, akasema usithubutu kulipeleka kwa hao wa kompyuta, lilete hapa uani. Akafungua boneti, injini inaunguruma, akawa anachomoa waya wa koili, kifaa kinachoipa plagi umeme, mmoja mmoja, maana ukichomoa wa silinda nzima injini inayumba, ukichomoa wa silinda mbovu hakibadiliki kitu, hilo alinifundisha nikiwa mdogo. Alipochomoa wa pili injini iliyumba mpaka nikaruka, alipochomoa wa tatu haikubadilika hata chembe, na baba akarudi kwenye silinda ya pili, akaigonga kwa bisibisi, akasema, "Mgonjwa wetu ni huyu." Nikanyamaza. Akabadilisha plagi isiyo na kosa lolote, akafunga boneti, akaniuliza, "Linaliaje sasa?" nikamwambia, "Limepona, baba," na kesho yake nikalipeleka kwa fundi mwingine kwa siri, akabadilisha koili ya silinda ya tatu, nikarudi nyumbani gari linateleza.

Sasa baba amefua ovaroli yake, anapiga mluzi, kila nikirudi kazini ananiuliza, "Linaliaje leo?" nami najibu vizuri, baba, na ameshausimulia mtaa mzima, hadi jirani yetu mkunga, ambaye gari lake nalo linamisi, amekubali kulileta Jumamosi, na gari hilo ndilo analokimbilia nalo kwa wajawazito walioshikwa na uchungu. Mama anasema nyamaza, usimvunje mzee moyo. Nikisema namuua baba kwa aibu, nikinyamaza mkunga atakwama njiani huku mtu anajifungua. Nifanye nini, mama?

Binti wa fundi

Binti wa fundi, pole, na ukubali nikukemee kidogo. Umedanganya kwa mapenzi, nakuelewa, na ningekuwa uani pale huenda nami ningemeza ulimi. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia mlangoni kwa mkunga. Mama yako msalimie, umwambie safari hii amekosea.

Sasa nisikilize. Fundi anayeisikia injini hamuulizi mtu inaliaje. Baba yako anajua, mwanangu. Labda hajakiri hata kwa mkewe, lakini anajua, ndiyo maana kila siku anakuuliza: anaazima masikio yako, nawe unampa ya uongo. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilivua miwani, nikafuta macho.

Nenda kwake leo, usingoje Jumamosi. Usithubutu kutaja uzee. Sema, "Baba, siku ile ulipochomoa waya wa pili injini iliyumba, ulipochomoa wa tatu haikubadilika, nikaogopa kukuambia." Na umwambie pia kwamba njia yake ilikuwa sahihi, ila habari haikumfikia. Mkunga naye mwambie wewe mwenyewe atafute usafiri mwingine mpaka gari lake lipone.

Jumamosi simama na baba yako kwenye boneti. Aweke kiganja kwenye bodi ya gari, maana mtetemo hauhitaji sikio, nawe useme unachosikia bila kukipaka sukari. Mkiipata silinda, msibahatishe kama mara ile. Zimeni injini, koili yake muibadilishe na ya silinda iliyo nzima, kisha muwashe tena. Ugonjwa ukihama, koili ndiyo mbovu. Usipohama, tazameni plagi, halafu nozeli ya mafuta. Mkishindwa, kompyuta si adui wa mtu. Gari lisirudi kwa mwenyewe kabla hamjalipandisha mlima ninyi wawili. Wiki ijayo ni daktari wa masikio, na usimtume, mpeleke.

Ukishamwambia, usikimbilie jikoni kujificha kwa mama. Kaa naye. Anaweza kufoka, pokea. Anaweza kunyamaza akitazama mikono yake, na hapo utatamani kuyarudisha maneno yako yote. Usiyarudishe. Mpe spana, mwanangu, mwende mkafanye kazi.