Tazurex na Mbwa wa Yokohama

Jumatatu, 6 Februari 1956

Kamera imekamilika. Jina haina. Mzee Ushiyama, mwenye kiwanda, katuita ofisini, hata mimi wa bodi ya kuunganishia simu, eti kila mwenye kinywa atoe wazo.

"Wale wa Tokyo," akasema, "walianza na Kannon, mungu wa huruma, wakampunguza herufi akawa Canon. Wengine walikuwa na jina la mlima wa miungu yetu, wakahamia la mlima wa miungu ya Wagiriki. Sisi wa Suwa tuna nani?"

Tuna ziwa, tuna baridi, tuna kiwanda kilichokuwa cha hariri mpaka juzi. Koguchi wa mauzo akatoa jina la Onbashira, sherehe yetu ya kusimamisha nguzo za hekalu, kwa kuwa huja kila baada ya miaka sita na mwaka huu ndio zamu yake. Onbashiraflex. Halienei usoni pa kamera, labda lizunguke nyuma lirudi.

Mzee mwenyewe akataka jina la marehemu baba yake. Gensukeflex. Tukanyamaza. Huku kwetu ukimya ni hapana yenye adabu, naye analijua hilo kuliko sisi. Akajitia hajui. Tukanywa chai.

Alhamisi, 9 Februari

Barafu ya ziwa imepasuka kwa mstari, kutoka ng'ambo hii mpaka ile. Mji mzima unasema mungu amevuka kwenda kumwona mkewe.

Mama, mikono ndani ya pipa la mboga za kulowekwa chumvi: "Mungu anatembea juu ya barafu kumfuata mke. Huyo wako yuko chumba cha pili pale kazini, hata kubisha hodi hawezi."

Nikamwambia sina wangu. Na hata ningekuwa naye, mwaka wa nguzo ni mwiko watu kuoana.

"Kwani mwaka jana ulikuwa wa nini?" akauliza mama.

Nina miaka arobaini na mitatu. Pipa lile lina umri mdogo kuliko mimi na limeshapata mfuniko.

Jumanne, 14 Februari

Karatasi ya jina inazunguka. Kila mkuu aisome, apige mhuri, ampe mwenzake. Mwenye wazo ni Morozumi, fundi wetu wa kupiga hesabu za lenzi. Mjane wa kiume, mpole, hula peke yake dirishani. Ameandika: *Tazurex. Tazu ni neno la Kilatini cha kale, maana yake mwanga mtulivu.*

Mzee kafurahi mno. "Kilatini! Hata Wajerumani wataona wivu." Hapa Suwa hakuna anayejua Kilatini. Labda padri wa Matsumoto, na huyo hakuulizwa.

Mimi pia sijui Kilatini. Ila Tazu ni jina langu.

Kazini mimi ni Bi Miyasaka, au Bi Simu nikikosea laini. Tazu ni la nyumbani. Anayelijua ofisini, nilidhani, ni Koguchi peke yake, tulisoma darasa moja. Nikautazama mhuri wake: kaupiga kichwa chini. Maana yake, nimekubali ila msinihesabu.

Jumatano, 15 Februari

Hakuniuliza! Mtu hata akiazima mwavuli huuliza.

Ijumaa, 17 Februari

Nimempelekea Morozumi chai, jambo ambalo si kazi yangu. Nikafunga mlango nusu.

"Hicho Kilatini umekiokota wapi?"

Hakuinua macho kwenye lenzi. "Kwenye kitambaa unachofungia chakula chako."

Mama alikitarizia jina langu nikiwa bado natoa nyuzi za hariri hapa kiwandani, kisipotee kati ya vitambaa mia. Kumbe miaka yote mtu analisoma kutoka dirishani.

"Ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza, ningelazimika kuuliza na lile jingine." Akaifuta lenzi iliyokuwa safi. "Mwaka huu kuoa hakuruhusiwi. Kuchonga jina hakujakatazwa."

Nikatoka. Nikaunganisha simu tatu kimakosa. Mwenye duka la samaki akaongea na benki kwa muda mrefu, na inaonekana walielewana.

Jumatano, 22 Februari

Mihuri imekamilika. Nimepewa kazi ya kukariri ile asili ya jina niwaambie wanunuzi kwa Kiingereza. Kiingereza changu nilikipata kwenye redio ya wanajeshi wa Kimarekani, kwa hiyo kutangaza besiboli naweza, kuomba chumvi ni shida.

Nikakariri njiani nikirudi nyumbani. Tazu, mwanga mtulivu. Mama akasema mwanga mtulivu haujapata kuishi nyumba hii.

Bado nimekasirika. Nimelichora jina hili pembeni mwa gazeti, kwa herufi za kizungu, niipime hasira. Si baya.

Jumatano, 29 Februari

Simu kutoka Yokohama, Bwana Pruitt, mnunuzi wetu mkubwa Mmarekani. Kapokea kamera ya mfano. Anaipenda, lenzi anaisifu mpaka anakohoa. Jina halimwingii. Alilijaribu mara kadhaa, kila mara likatoka mtu mwingine: Teizu, Tazura, Tizareksi.

Nikamwambia asili yake, mwanga mtulivu. Akasema amesoma Kilatini shuleni miaka minne, na yeye na neno hilo hawakuwahi kukutana. Nikamwambia Kilatini cha kale sana.

Akacheka. Kisha akasema yeye kamera atazichukua zote, ila chini ya jina la mbwa wake. Buster. Jina fupi, kila Mmarekani analiweza, na mbwa mwenyewe ana sura ya kuaminika.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. "Anasemaje, Bi Miyasaka?"

Nikamtafsiria neno kwa neno, hata sura ya mbwa. Nilitamani nipunguze, sikupunguza.

Mzee kafikiri sana. Mchongaji anaanza bamba za majina Jumanne ijayo. Kamwomba Pruitt asubiri mpaka Jumatatu. Pruitt kakubali kwa sharti moja: Jumatatu apewe yule aliyelibuni jina, alitamke mwenyewe kwenye simu. Anasema jina la kubandika tu hulitambua kwa sikio, maana lake la biashara ni la kubandika. Akilisikia na kuliamini, litabaki. Asipoliamini, ni Buster.

Yaani mimi au mbwa. Na ndipo nilipogundua kuwa nataka nishinde.

Jumamosi, 3 Machi

Mzee kaamua ofisi nzima ifanye mazoezi, isije ikaonekana hatulijui jina la kamera yetu. Tumepangwa mstari kama watoto wa shule. Tazurex, Tazurex, Tazurex. Wahasibu, wapakiaji, mpishi wa kantini na kijiko chake. Miaka yote hakuna aliyeniita, leo wananiita kwa mpigo nami natakiwa nitazame ukutani.

Koguchi akaninong'oneza akipita: "Jina tamu, Bi Miyasaka. Unalionaje?"

"La Kilatini," nikamwambia. "Geuza mhuri wako."

"Utageuka wenyewe siku ya harusi."

"Mwaka wa nguzo huu, Koguchi."

"Mwaka una mwisho, dada. Mdomo wa Morozumi ndio sijui."

Maana Morozumi peke yake hakutamka. Alisema ana lenzi motoni. Lenzi haziwekwi motoni.

Jumatatu, 5 Machi

Naandika hapa hapa kwenye bodi. Simu ya mbali nimeiomba asubuhi, tunasubiri Yokohama wapatikane. Ofisi nzima inajifanya inafanya kazi. Mhasibu anageuza kurasa bila kusoma. Mzee kavaa tai ya mazishi, ndiyo nzuri aliyonayo.

Morozumi kasimama kando yangu, mikono nyuma. Kanyoa, kajikata. Midomo inacheza, sauti haitoki. Mara "Ta", kisha kikohozi. Shingo imekuwa nyekundu kama plamu ya chumvi.

Mzee: "Bwana Morozumi, ni neno moja tu la Kilatini."

Koguchi nyuma ya gazeti: "Kilatini kigumu, Mzee. Hasa kikiwa kimekaa karibu."

Nimempa mkono wa simu aushike mapema, azoee uzito. Kaushika kama yai. Ameinama, kaninong'oneza, mara ya kwanza uso wake kuwa karibu hivi.

"Nitalisemaje?"

"Liseme kama unaniita nije," nikamwambia.

Kanitazama. Hakutazama lenzi, wala ukuta.

Taa ya Yokohama imewaka. Pruitt yuko upande wa pili, na mbwa anasikika akibweka. Nimechomeka waya. Morozumi anavuta pumzi, na mhasibu kaacha kugeuza kurasa. Kaniita, naiacha kalamu.