Mlingoti wa Usevya

Dada Kristina,

Shikamoo toka Usevya, ambako chuo kimetuleta "tupumzike". Asubuhi tulisimamisha milingoti ya goli la shule. Mimi, kwa kupenda sifa, nikashindilia wangu kwa mawe, vijana wa hapa wakitutazama kivulini. Jioni tukacheza nao. Wakatufunga moja. Dakika ya mwisho nikapiga penalti, ikagonga mlingoti wangu. Haukutikisika hata kidogo! Mkuu wa chuo akanipongeza: "Hiyo ndiyo kazi, kijana."

Kesho nina mtihani: eleza faida za kujitolea. Mfano ninao.

Wali wa huku mtamu, natamani ungekuwepo. Mama akiuliza kama nimefunga, mwambie mlingoti wameupa jina langu.

Mdogo wako akupendaye,
Maiko