Nafasi Aliyoniachia Mamako

Aarhus, Denmark
14 Novemba 2006

Mpendwa mpwa wangu Mwanawema,

Assalaam alaykum. Nataraji barua hii itakukuta mzima pamoja na wanao, na kwamba ile homa ya mwanao Duni imekwisha. Mimi sijambo, ila magoti yananilazimisha kuswali juu ya kiti. Baridi imeanza.

Najua karafuu zinachumwa huko Ole, nawe huna wasaa. Hata hivyo nakuomba uisome hii yote, kwa kuwa mna jambo linalotaka ruhusa yako.

Unakumbuka mimi na marehemu mamako tulivyokuwa tukipelekeana kaseti badala ya barua. Kaseti ilikuwa moja. Akiuliza swali, huiacha ikienda kimya ili nami nijibu papo hapo, kwenye nafasi ile. Nikimrudishia, naye hurekodi upya juu yake. Kwa hiyo mazungumzo yetu ya miaka yote tuliyafuta wenyewe. Imebaki mara ya mwisho tu, kwa sababu habari ya kifo chake ilinifikia kabla sijajibu.

Mwaka jana nilimwomba jirani yangu Birgit, mwanamke anayetunga muziki, ainakili kaseti hiyo isije ikaharibika. Alipoisikiliza akataka kuitumia. Kampuni inayotoa kazi zake, ndogo, ya watu watatu, inatimiza miaka ishirini, na inakusanya tungo za watu wake katika sidii moja ya kumbukumbu. Si muziki wa harusini. Fidla hukokota sauti moja mpaka ukadhani mpigaji amesinzia. Mwanzoni nilicheka, sasa nausikiliza hadi mwisho.

Mle ndani ya kaseti mamako anachambua karafuu na wenzake, wakizitenga na vijiti vyake. Anamkaripia Mize: "We Mize, makonyo hayo wayatia wapi? Karafuu huku, makonyo kule. Au macho umeyasahau kwenu?" Wanacheka. Kisha ananigeukia mimi: "Haya Nyange, ushakuwa Mzungu? Waja lini?" Halafu kimya, na karafuu zikidondoka jamvini.

Birgit aliponiuliza kwa nini ananyamaza hapo, nilimweleza. Akaniweka mbele ya maikrofoni nijibu. Zamani nilikuwa najibu "msimu ujao, inshallah", kila mara. Safari hii nilikohoa tu.

Sasa, sauti ni ya mamako, na watakaoisikia ni wageni, wanaume kwa wanawake. Yeye hata maulidi hakusoma mbele ya wanaume. Sikuona kuwa ni haki yangu kukubali peke yangu. Wanangoja neno lako; ukikataa utungo huo utaondolewa, nami sitanung'unika.

Lakini kabla hujaamua, pokea jawabu, maana sina mwingine wa kumpa ila wewe. Siji tena, mwanangu. Njia ilipofunguka baada ya ile miaka migumu ya Mapinduzi ningeweza kuja, ila kila mwaka niliona uko mwingine mbele yake. Sasa daktari amenikataza safari ndefu.

Nisalimie Mzee Jaribu, na Bi Mwanakhamis wa Tumbe, na huyo Mize, kama bado anachanganya makonyo. Mungu akulindie wanao na akupe msimu wa jua, karafuu zikauke vyema.

Birgit ameuliza kama ile nafasi aijaze kwa fidla. Nimemwambia aiache vilevile, na kikohozi changu akitoe.

Wako akupendaye,
Mjomba Nyange