Sauti Uliyoifasiri Ilikuwa ya Dada

Chumba cha Habari,
Ghorofa ya Pili.
Jumatatu, 6 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Dada yetu amesimamishwa kazi, eti amechochea wenzake wagome. Katibu wa chama cha wafanyakazi amenithibitishia leo saa nne asubuhi, akanionyesha na karatasi iliyotumika kumsimamisha. Chini yake pana sahihi yako na muhuri wako wa mfasiri.

Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Huku sisi wazima, isipokuwa Dada, ambaye bado anakohoa.

Nakueleza yaliyotokea, ingawa unayajua. Tarehe 16 Aprili waya uliungua darini, juu ya chumba cha kupigia pasi mashati. Moshi ukashuka. Meneja wa zamu, yule wanayemwita Kengele, akaamuru kazi iendelee. Dada akazima pasi yake, akawatoa wenzake thelathini na mmoja. Mmoja wao alikuwa anarekodi kwa simu. Kampuni ikaichukua rekodi hiyo, na makao makuu huko uliko wakakupa uifasiri. Dakika saba.

Katibu amenipa nakala ya rekodi, nimeisikiliza mara nne. Sauti ya kwanza ni ya Kengele: "Ongezeni mwendo, mama zangu! Kazeni buti! Moshi haujaua mtu hapa."

Kisha inakuja sauti iliyokuwa ikikuamsha kila asubuhi uende shule: "Jamani, tokeni. Mashati mtayakuta, mapafu hamtayakuta."

Mtu anauliza, "Na Kengele je?"

"Mwacheni alie, ataitikia mwenyewe."

Karatasi yako inaanzia dakika ya tatu. Kengele hayumo. Moshi haumo. Yumo Dada peke yake, na kitenzi cha Kiingereza ulichomvisha: exhort. Ukaongeza maelezo kwamba maana yake ni kuhimiza kwa nguvu. Kwamba asili yake ni Kilatini, exhortari, na kwamba katika ukoo huohuo yumo hortator, mtu aliyewahimiza wapiga makasia wasilegee. Nimefungua kamusi tatu. Hukukosea hata herufi.

Ndiyo maana sikuiti mjinga. Ungekuwa mjinga ningekusamehe. Yule wa makasia alihimiza watu wabaki wavute. Katika chumba kile alikuwemo mmoja wa namna hiyo, na hakuwa Dada. Wewe umemfuta.

Tena kesho yake, baada ya kupiga muhuri, ukampigia simu: "Dada, pole, ilikuwaje?" Akakusimulia yote, akidhani anaongea na ndugu.

Mchana huu nimempelekea nakala. Ameisoma hadi chini, akasema, "Kiingereza chake kizuri. Shule niliyompeleka imefanya kazi." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Mwambie kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi nguo ndiyo kazi yangu, sijui nilipitiwa wapi."

Wakimfukuza, miaka kumi na tisa imekwenda na maji, na hakuna kiwanda kitakachompokea na karatasi hiyo mkononi. Kwa hiyo usiniandikie barua ya kuomba radhi. Sina pa kuiweka. Fasiri dakika zote saba, piga muhuri, mtumie katibu kabla ya saa sita mchana, Jumatano tarehe 15. Isipofika, nitaomba rekodi ichezwe yote kwenye kikao cha kusikiliza shauri lake, kisha nitasema aliyeikata ni nani na amezaliwa na nani.

Mama anakusalimu, hajaambiwa. Shangazi ameambiwa, kwa hiyo hana salamu. Nisalimie shemeji na wanao, wao hawana kosa.

Mungu akulinde, akupe afya njema na usingizi mwepesi.

Kikao ni Alhamisi tarehe 16, saa tatu asubuhi, ofisi ya kazi, chumba namba sita. Nimeshaandikisha jina langu kama shahidi.

Akupendaye kwa shida,
Kaka yako