Damu Niliyompimia Kondo

Kariakoo,
Jumapili mchana.

Mama Mwajuma, mke wangu,

Nakusalimu kwa mapenzi yote niliyonayo, na ninaomba barua hii ikukute goti limepoa, unaweza kuchuchumaa shambani bila kunung'unika. Mimi nipo, naona, nasikia, nakula. Hilo la kula nitalirudia. Michembe ya viazi uliyompa kaka yako imefika, ila nusu ya mfuko ililiwa na watani zangu wa Kizaramo kabla sijalifungua fundo vizuri. Tumbaku ya kijiji imekaukaje mwaka huu? Na lile bani la kukaushia lililoungua paa, mmeshaliezeka?

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokubali mbele ya watu. Herufi kubwa, mstari unapanda kama unaelekea kilimani, lakini ni mkono wako. Zamani nilijua kila nitakachoandika kitasomwa kwa sauti na mwalimu wa kijiji, mama akisikiliza na majirani wamejaa ukumbini, basi nikawa naandika "mimi mzima" na salamu za ukoo, nafunga bahasha. Sasa darasa la watu wazima limekufundisha kusoma, nami nimepata mahali pa kusema. Kaa chini, soma taratibu, usirukie mwisho kama ninavyokujua.

Kondo unamkumbuka, yule Mzaramo mwenye kitambi ninayebeba naye magunia ghalani, aliyekuletea ile kanga ya kijani. Tangu tujuane alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita Mnyamwezi, nami namwita Mzaramo, na kila mmoja huchukua vya mwenzake bila kuomba, kama utani wetu unavyotaka.

Mwezi uliopita lilibandikwa tangazo kazini. Kila mchukuzi aliyevuka miaka arobaini apimwe damu, iangaliwe kama ina mafuta mengi au sukari, ili ijulikane mapema nani moyo wake uko hatarini. Uende asubuhi, hujala kitu. Mimi sikuwamo. Kwenye karatasi za kazi nina miaka thelathini na minane. Wewe na mama mnajua ukweli. Kondo alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Maneno yakaenea kwamba atakayekutwa na damu mbaya ataachishwa kazi arudishwe shamba, na Kondo akilitazama tumbo lake anajua limekwisha kumshitaki. Akaja kunishika bega.

"Mnyamwezi, we mkavu kama fito. Mafuta damu yako itayatoa wapi? Nenda kanipimie."

"Kondo, hiyo ni damu, si kofia ya kuazimana."

"Mtani wako nakuomba, unaninyima?"

Hapo akanimaliza. Mtani utamnyimaje? Nikaenda na kadi yake, ambayo haina picha. Nikaitwa Kondo, nikaitika. Daktari alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mkaazi wa Upanga, mpole, anasema Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Alinifunga mpira mkononi, akatafuta mshipa, akavuta damu kijichupa kimoja. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kunywa supu ya utumbo, kwa gharama ya Kondo, bakuli mbili. Tulicheka siku nzima.

Wiki iliyofuata Kondo aliitwa kupewa majibu. Aliporudi hakunitania. Alinivuta nyuma ya magunia ya sukari, akakaa, akanitazama.

"Shabani," akasema.

Mama Mwajuma, kusikia tu ananiita jina langu, nilijua utani umekwisha.

"Ameniambia damu ina mafuta mengi sana. Ameniandikia nisibebe tena, nikae getini niandike malori. Akaniuliza kama baba yangu alikufa ghafla. Nikamwambia baba yupo, amezeeka, anagombana na wajukuu. Akauliza mara ya pili, kama haamini. Shabani, ile damu si yangu. Baba yako wewe alikufaje?"

Unajua alivyokufa baba. Alirudi kutoka porini na debe la asali kichwani, akalitua, akasema anapumzika kidogo chini ya ukuta wa jikoni. Mama alipomletea maji, yalikuwa hayana wa kuyanywa. Alikuwa na umri kama wangu huu wa kweli.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Tangu kabla ya mvua, nikipanda ngazi za ghala na gunia begani, kifua hunibana hapa katikati, na mkono wa kushoto unakuwa mzito. Nikisimama hutulia. Nilijiambia ni kiungulia, nikatafuna tangawizi. Wewe ulipouliza kama nina afya, nikaandika mimi mzima. Nisamehe. Niliogopa utalia mbele ya mwalimu.

Kondo angeweza kunyamaza, akakalia kile kiti cha getini mpaka uzee, na mimi nikaendelea kubeba mpaka siku yangu. Hakuna ambaye angejua. Mimi mwenyewe nilimwomba anyamaze, kwa sababu niliona kibarua kinaota nyasi. Alinisikiliza, kisha akasema, "Unataka ufe, halafu mimi ndiyo nikuoshe? Vaa viatu."

Tukapita Mnazi Mmoja kwa miguu hadi kwa yule daktari. Nilidhani atatuitia polisi. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akatuuliza kama tuna akili timamu. Kondo akaanza kumweleza utani wa Wanyamwezi na Wazaramo tangu enzi za misafara. Mama yule akamwambia, "Baba, keti." Akaturudisha kesho yake asubuhi, hatujala kitu, akatupima upya, kila mtu na jina lake. Aliponiuliza umri nilimtajia ule wa kweli, na nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo.

Majibu ya Kondo hayana tatizo. Kitambi chote kile, damu safi. Yangu ikarudi vilevile kama ya kwanza. Nikamwuliza daktari inakuwaje, mimi mkavu, Kondo ndiye pipa. Akasema wembamba hauonyeshi kilichomo ndani ya mishipa, na mwingine anayarithi mafuta hayo kwa baba yake. Akasema pia, na hili ulishike, kwamba kipimo hicho hakisemi nitakufa lini. Kinaonya, ili mtu ajitunze mapema. Nimekatazwa supu yenye mafuta, nyama ya kukaanga na sigara. Ndiyo, na tumbaku mnayoilima wenyewe, usiniletee hata jani. Nitembee kila siku, nimeze vidonge kifua kikibana, nirudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Kazini sijafukuzwa. Kile kiti cha getini sasa nakikalia mimi, naandika malori, na mwandiko wangu unasifiwa.

Adui yangu ni Kondo. Kila asubuhi ananifuata kwa muuza supu. Bakuli langu likifika tu analivuta, anasema mtani ana haki, analinywa mbele ya macho yangu akinitazama, kisha ananisukumia muhogo wa kuchemsha. Analalamika kwamba nilitaka kufa na jina lake kwenye karatasi ya maiti, watu wamlilie yeye akiwa anakula.

Nina mambo mawili ninayokuomba. Mdogo wangu Hamisi, mwambie aende hospitali Tabora apimwe damu. Sisi ni wa baba mmoja. Asiseme ana nguvu. Baba naye alikuwa nazo. Umpeleke mwenyewe, umsubiri mlangoni.

La pili ni wewe. Miaka yote umeomba kuja, nami nimekujibu chumba ni kidogo. Chumba hakijakua. Ila siku ile Kondo aliponiita jina langu, sikuwaza kazi wala ghala. Niliwaza kwamba nitalala chini mahali kama baba, na wewe hutakuwapo hata kuleta maji. Tumbaku ikishauzwa, panda treni uje na Mwajuma. Nitakuwa stesheni. Naogopa, Nyamizi wangu, na sina mwingine wa kumwambia.

Mpe mama shikamoo yangu, umwambie nakula vizuri na usimwambie mengine. Msalimie Hamisi na mkewe, na kaka yako, na mwalimu wa kijiji, ambaye nadhani ananilaumu kwa kumpunguzia habari. Mwajuma mbusu kwenye paji la uso.

Mimi mumeo anayekuhitaji,
Shabani, Baba Mwajuma.

Shemeji, mimi Kondo. Nimemnyang'anya kalamu. Njoo upesi umpikie mwenyewe. Kila asubuhi nakunywa supu yangu na ya mume wako, na miezi mitatu ikifika daktari anataka tuje wote wawili. Safari hii sina wa kunipimia.