Mashine ya Tumaini Haikosei

Jumatano, Njombe. Baridi ya leo imenivalisha masweta mawili, na bado roho inachemka.

Nina wivu. Naandika hivyo hivyo, bila kupamba.

Mimi na Tumaini tulisoma pamoja, tukaajiriwa pamoja. Yeye akapangiwa Makambako, mimi hapa, kila mmoja na mashine yake ya kupima unyevu wa anga. Mashine hizi hunasa mawimbi hafifu yanayotoka kwenye mvuke ulioko juu, na kutuambia upo kiasi gani. Ila kwanza lazima zifanyiwe ugezi: unaielekeza mashine kwenye boksi la nitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, ambayo ubaridi wake unajulikana, ili ipate pa kuanzia.

Bosi alishasema mmoja wetu ataongoza kituo kipya cha Iwawa, kule Makete. Nikakitaka mno.

Tangu niifanyie ugezi mashine yangu, inasema anga la Njombe ni kavu. Njombe hii, ambako nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinanuka! Puto la vipimo tulilorusha huku likaikana mashine yangu. La Makambako likakubaliana na ya Tumaini.

"Muulize Tumaini," bosi akasema. Yakanichoma.

Leo asubuhi Tumaini amekuja mwenyewe, kitenge juu ya koti. "Kamwene, dada!" Nikaitikia salamu huku nikiomba kimoyomoyo asigundue kitu. Nilitaka mashine iwe imeharibikia kiwandani, si mikononi mwangu.

Akaizunguka taratibu. "Ugezi ulifanya saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Kwenye ukungu?"

Nilikimbilia alfajiri ili nimalize kabla ya Tumaini. Boksi likalowa umande, mashine ikapokea na joto la umande ule, ikadhani yote ni baridi ya nitrojeni, na tangu hapo ikawa inapunguza kila ilichopima angani.

Tukasubiri jua. Tukakausha boksi, tukarudia. Mchana puto likapanda, na safari hii namba zikalingana. Nilipaswa kufurahi.

Bosi akapiga simu, Tumaini akaweka spika. "Hitilafu tumeipata pamoja, mzee. Ukungu wa huku ni msumbufu."

Alinisitiri. Hapo ndipo nilipomchukia kabisa.

"Vizuri," bosi akasema. "Tumaini, jiandae. Iwawa ni yako."

Nikampongeza. Kisha nikaanza kufunga boksi la nitrojeni.

Stendi, kabla hajapanda basi la Makambako, akanishika mkono. "Dada, twende wote Iwawa tukaifunge mashine mpya. Kule ukungu ni zaidi ya huku, na wewe sasa unaujua."

"Nitaangalia," nikasema, nikageuka basi likiwa bado halijawashwa.

Angekuwa na maringo ingekuwa rahisi. Hana.

Kile kituo bado nakitaka. Lakini nataka pia kuwepo mashine ile itakapotazama anga la Makete kwa mara ya kwanza, hata kama jina mlangoni si langu.

Kesho nitampigia mapema, kabla sijapata sababu ya kutompigia.